Taa zako ziwapi?

"Mama, taa zako ziwapi?"

Aliyeniuliza alikuwa bado ameshika mikono ya mkokoteni wake. Maji yalimtiririka usoni, na nyuma yake madumu ya manjano yalikuwa yamepangwa safu mbili na kufungwa kwa mpira. Ilikuwa Aprili, baada ya isha, pale Jomvu, nami nilikuwa narudi kutoka matangani Mazeras. Mvua ilikuwa imekatika punde tu, lami mbichi, nyeusi, imekunywa mwanga wote. Kati ya bampa yangu na gurudumu la mkokoteni palibaki nafasi ya kupitisha mguu.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Na taa zilikuwa zinawaka. Nilishuka, nikazunguka mbele, nikazitazama: ya kushoto inawaka, ya kulia inawaka, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Nikamwambia, "Zawaka, kaka." Akazitazama na yeye, akatikisa kichwa, akainama akaendelea kuvuta mzigo wake. Sikumuona kwa taa zangu. Lori lililotoka upande wa Changamwe ndilo lililoyamulika yale madumu, nami nikakanyaga breki.

Nilifika nyumbani Mikindani nikajilaza. Usingizi haukuja.

Wiki tatu nzima swali lile lilinirudia: nikiwa jikoni, nikiwa kazini, nikiwa kwenye foleni ya Makupa asubuhi. Lilinirudia kwa sababu mimi nilijua jambo ambalo yule kaka hakulijua. Taa zile nilikuwa nimezisafisha mwenyewe, Desemba, kwa mikono yangu.

## Nilichokiondoa

Desemba nilikuwa na likizo na nguvu. Nilinunua msasa namba 800, 1000 na 2000, ndoo ya maji, kompaundi ya kung'arishia ya mafundi wa rangi, nikakaa barazani saa tatu nzima nasugua. Ziling'aa. Nilizipiga picha nikamtumia dada yangu, akaniuliza kama nimenunua mpya.

Basi, nikaziacha hivyo.

Tunakiita kioo cha taa, lakini kwa magari mengi yanayoshushwa bandarini Kilindini si kioo. Ni polikaboneti, plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Zamani taa zilikuwa na vioo vya kweli. Marekani ilibadilisha kanuni zake mwaka 1983 ikaruhusu taa za plastiki zenye balbu ya kubadilisha, na leo plastiki iko kila mahali. Ina sifa zake: nyepesi, haivunjiki kwa kokoto, hukubali kuumbwa umbo lolote. Lakini haistahimili mionzi ya urujuanimno ya jua. Kiwandani wanalijua hilo, ndiyo maana huipaka ngozi ngumu ya kukinga, nyembamba kuliko unywele. Miaka ikipita ngozi hiyo hupata nyufa ndogo ndogo, hubanduka kwa mabaka, na jua likishaifikia plastiki yenyewe umanjano huanza.

Ukipiga msasa, huondoi uchafu peke yake. Unaiondoa ngozi hiyo, pamoja na sehemu zake zilizokuwa bado nzima.

Mimi niliiondoa Desemba, kaskazi ndiyo kwanza inaanza. Mombasa tuko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta. Jua hutukalia utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Januari, Februari, Machi, gari langu lilishinda uwanjani kazini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja, taa zake ziko uchi.

Kama nilikuwa na shaka, mkungu uliniondolea. Pale ninapoegesha pana mkungu upande wa kushoto, na kivuli chake hukaa juu ya boneti upande huo mpaka baada ya adhuhuri. Siku iliyofuata baada ya Jomvu nilizitazama taa zote mbili mchana, kwa utulivu. Ya kushoto ilikuwa imefifia. Ya kulia ilikuwa ya kahawia. Gari moja, mwaka mmoja, mkono uleule uliosugua.

Nikaelewa kwamba gari lilikuwa salama zaidi kabla sijalisafisha.

## Balbu nyeupe na dawa ya mbu

Siku zile nilifanya lile ambalo wengi wetu hulifanya: nilitafuta njia ya mkato. Fundi mmoja aliniambia tatizo ni balbu, niweke nyeupe kali. Nikaweka. Usiku ule, darajani Nyali, kila gari lililokuja mbele yangu liliniwashia fulu, mara moja, mara mbili, kunikemea. Nami mbele yangu bado sioni vizuri.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwa nini. Plastiki iliyochakaa haizuii mwanga tu, huutawanya. Mwanga uliopaswa kwenda mbele chini ya barabara hugonga zile nyufa ndogo ukasambaa juu, kando, machoni mwa wenzako. Ukiongeza nguvu ya balbu nyuma ya plastiki kama hiyo, unaongeza kile kinachotawanyika. Nilikuwa sioni, na sasa nilikuwa nawapofusha wengine pia. Nilizirudisha balbu za zamani kesho yake.

Kisha kijana wa kuosha magari akanionyesha ajabu yake. Alipaka taa ya kulia dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, akasugua kwa kitambaa, na umanjano ukatoka mbele ya macho yangu. Ninakiri moyo wangu ulifurahi. Lakini nilipogusa, plastiki ilikuwa inanata. Dawa nyingi za mbu zina DEET, kemikali ya kufukuzia wadudu, na DEET hula plastiki za namna nyingi. Kilichotokea pale ni tabaka la juu kulainika na kujisawazisha. Linapendeza siku ile. Halina kinga yoyote, na limeharibiwa zaidi kuliko mwanzo. Dawa ya meno nayo ni hadithi ileile kwa upole zaidi: ina chembe za kusugua, basi husugua, halafu inakuacha na jua lako.

Haya yote yalikuwa Desemba yangu ikijirudia kwa majina mengine. Kila mtu alikuwa na njia ya kung'arisha. Hakuna aliyekuwa na neno juu ya kesho yake.

## Ami na jahazi

Nilikwenda kumjulia hali Ami, Mji wa Kale. Ni mdogo wake baba, amekulia karibu na bandari ya zamani, na ujana wake wote aliufanyia kazi kwenye majahazi. Hakuwahi kuendesha gari. Nilimsimulia habari ya Jomvu kwa sababu nilihitaji kumsimulia mtu ambaye hatasema "pole, nunua taa mpya."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza:

"Uliikwangua lini?"

"Desemba, Ami."

"Ukaipaka nini?"

"Sikuipaka kitu."

Akanyamaza kitambo. Kisha akanieleza jambo ambalo nadhani nililisikia utotoni nikalisahau. Maji ya bamvua yakitoka, jahazi hukalishwa mchangani, likaegemezwa. Watu huingia chini wakalikwangua: mwani, chaza, uchafu wote wa miezi. Hiyo ndiyo kazi inayoonekana. Lakini hakuna nahodha aliyelikwangua jahazi kabla deheni haijawa tayari, mafuta na chokaa vimeshapondwa pamoja, vinangoja pembeni. Kwa sababu maji yatarudi, na yana saa yake.

"Maji yakirudi lazima yakute deheni," alisema. "Waikwangua mbao ukaiwata tupu? Mwanangu, hapo umewakaribisha wadudu. Afadhali ungeiwata na mwani wake."

Sikuwa na la kujibu. Nilimbusu mkono nikaondoka, na njiani nikajua nitakachofanya: nitazikwangua tena, mara ya mwisho, na safari hii deheni itakuwa tayari kabla sijaugusa msasa.

## Filamu ipi

Kuna watu hupaka vanishi maalumu ya kukinga jua, na kwa wengine inafaa. Mimi nilichagua filamu, ile karatasi ya plastiki yenye gundi inayobandikwa juu ya taa, kwa sababu moja: filamu ikichakaa unaibandua. Ikibeba umanjano, inaubeba yenyewe na kuondoka nao, na plastiki iliyo chini haijapigwa msasa mara ya tatu.

Dukani nilionyeshwa za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa nyeusi ya moshi, na muuzaji akanisifia kwamba vijana wanaipenda. Kwangu haikuwa na mjadala. Mtu aliyekaribia kumgonga mwenziwe kwa uhaba wa mwanga hawezi kulipia kitu cha kuupunguza.

Ya pili ilikuwa vinaili angavu, ile wanayotumia waandishi wa mabango. Ya bei nafuu, nyembamba, safi kabisa kwa macho. Ya tatu ilikuwa poliyurethani, nene kidogo, kama mikroni 200, yaani sehemu mbili za kumi za milimita, na muuzaji alisema ina kinga ya mionzi ndani yake. Nilivuta kona za zote mbili kwa vidole. Vinaili ilinyooka ikabaki imenyooka, imefanya weupe. Poliyurethani ilinyooka kama mpira, nikaiachia, ikarudi taratibu. Taa ya gari imepinda pande zote kwa pamoja kama ganda la yai. Karatasi isiyojua kurudi haiwezi kuikumbatia. Nilinunua hiyo ya tatu, kipande cha kutosha taa mbili na akiba ya kukosea.

Nilikuwa sahihi kununua akiba.

## Maji ya kisima

Mara ya kwanza nilibandika Jumamosi alasiri, mwezi wa Juni, kusi inavuma. Hilo peke yake lingenitosha kushindwa: kila nilipobandua karatasi ya nyuma, upepo ulileta chembe ya mchanga na gundi ikaishika. Lakini kosa kubwa lilikuwa lingine, na nimekaa nikijiuliza mbona sikuliona, mimi niliyezaliwa hapa.

Filamu ya aina hii hubandikwa majini. Unapuliza maji yenye matone machache ya shampuu ya watoto juu ya taa na juu ya gundi, ili filamu ielee, uisogeze mpaka ikae pake, ndipo uyakamue maji yatoke. Mimi nilichota maji kwenye tangi letu. Maji ya kisima.

Sihitaji kumweleza mtu wa Mombasa maji ya kisima. Birika zetu zinayajua.

Filamu ilikaa, nikakamua, nikafurahi. Siku ya nne, yale maji yaliyobaki chini yalipokauka, vilibaki vidoa vyeupe, vidogo, vingi, kama mtu aliyenyunyiza chumvi chini ya kioo. Na ndiyo chumvi hasa. Usiku nilimulika ukuta nikaona kila kidoa kina kivuli chake.

Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba nikitazama ule ukuta, na hapo ndipo nilipokaribia kuacha. Nilijiuliza kama natengeneza taa au naifariji nafsi yangu. Kama ningezipeleka kwa fundi mwenye kazi yake siku ya kwanza, zingekuwa zimeisha. Kulikuwa na fahari ndani ya kazi ile ya nyumbani, na fahari ileile ndiyo iliyonipeleka Jomvu na taa za chai.

Lakini nilikumbuka pia kwamba Desemba mikono yangu haikukosea. Msasa niliupiga vizuri. Nilichokosa ni kuuliza kitakachofuata. Na sasa nilikuwa nauliza. Nikaibandua ile filamu kwa joto la mashine ya kukausha nywele, taratibu, nikaufuta ule unato kwa spiriti, nikalala.

## Baada ya alfajiri

Jumapili iliyofuata niliswali alfajiri nikatoka nje kabla jua halijachomoza. Upepo ulikuwa umelala. Nilimwaga maji uani pote, vumbi likatulia.

Mpwa wangu wa miaka kumi na mbili ndiye aliyekuwa msaidizi, na kazi yake ilikuwa moja: chupa ya kupulizia. Ndani yake maji ya kunywa ya dukani, yasiyo na chumvi yetu, na matone ya shampuu. Chupa ya pili ilikuwa na maji hayohayo na spiriti, spiriti robo, maji robo tatu, kwa ajili ya kingo.

Nilizungusha tepu ya karatasi pembeni ili rangi ya gari isiguswe. Msasa namba 1000, maji mengi, mstari wa kulala. Namba 2000, mstari wa kusimama. Namba 3000, kisha kompaundi. Ukibadilisha upande kila namba, unaona mikwaruzo ya namba iliyopita inavyokwisha, unajua wakati wa kusonga. Nikaosha, nikafuta kwa spiriti, nikapitisha ncha za vidole. Laini kama ndani ya kauri.

Kipande cha filamu nilishakikata usiku kwa kufuata karatasi niliyochorea umbo la taa, kikubwa kwa vidole viwili kila upande. Hiyo ilikuwa deheni yangu, iko tayari, inangoja.

"Puliza," nikamwambia mpwa wangu, na nikaanza kubandua huku yeye akipuliza, gundi isipate hata nukta moja ya kukaa kavu. Tukailaza. Ikaelea. Nikaisogeza mpaka ikapata mahali pake, nikaanza katikati na kadi ya plastiki niliyoivika kitambaa, nikikamua kwenda nje, kila mkamuo ukipanda kidogo juu ya uliopita.

Ugumu uko kwenye mpindo, pale taa inapogeuka kuelekea ubavuni. Filamu ilijikunja marinda matatu, kama sketi ya mtoto wa shule. Mkono unakutuma uyabane kwa nguvu. Usiyabane. Niliinua upande ule wote, nikapuliza upya, mpwa wangu akashika draya ya nywele mbali kidogo, joto la kulegeza tu, nami nikavuta kwa vidole vilivyolowa kuelekea chini mpaka marinda mawili yakaisha. La tatu nililisukuma nje kwenye ukingo, sehemu itakayokatwa. Kisha spiriti kwenye kingo, bana, hesabu mpaka thelathini, achia.

Kukata nilitumia wembe mpya, mkono mwepesi, nikifuata ufa ulioko kati ya taa na bodi ili ncha isichore plastiki, na nikiacha milimita mbili kabla ya ukingo. Filamu inayofika mpaka mwisho ndiyo inayoinuliwa na maji ya presha.

Taa ya pili ilituchukua nusu ya muda.

Vilibaki viputo vidogo vya maji, na nilijizuia kuvichokoza. Ndani ya siku tano vilikauka vyenyewe, na safari hii havikuacha kitu. Wiki nzima sikulipeleka gari kuoshwa.

## Ukutani

Usiku wa siku ya sita nilielekeza gari kwenye ukuta uleule. Balbu zilezile za zamani. Mwanga ulikuwa na mstari: chini mweupe, juu giza, na upande wa kushoto mstari ukipanda kidogo kumulika ukingo wa barabara anakopita mwenda kwa miguu. Taa zetu zimetengenezwa hivyo, sisi tunaoendesha kushoto. Nimemiliki gari hili miaka sita na sikuwahi kuuona mstari ule. Mpwa wangu alikwenda akasimama ukutani, mwanga ukamfika kiunoni, uso wake ukabaki gizani, hasumbuki macho. Nilimwambia asimame hivyo kidogo.

Nimepita Jomvu usiku mara nyingi tangu hapo. Wiki iliyopita niliona madumu ya manjano kwa mbali, upande wa kushoto, kabla hata sijajua ni mkokoteni. Nikapunguza mwendo, nikampisha. Sijui kama alikuwa yeye. Hakuinua kichwa.

Kona ya chini ya taa ya kulia imeanza kuinuka, pale nilipolisukuma rinda la tatu. Ni ndogo, kama ukucha wa mtoto, lakini chumvi ya hewa yetu itaingia hapo, kwa hiyo sitaingoja masika. Kipande cha akiba nimekizungusha kwenye bomba la karatasi juu ya kabati. Chupa ya maji ya kunywa iko kando yake, na wembe mpya, bado umo kwenye karatasi yake.